Chema Chajiuza, Lakini Nani Akione?

Maneno kwa wenye gesti, maduka na mashine za mpunga huko Chimala, na kwa kila mwenye biashara ndogo kijijini

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini walioyasema waliishi katika vijiji ambamo kila mtu alimjua mwenzake. Fundi aliyefua jembe zuri hakuwa na haja ya kupiga mbiu, kwa kuwa majirani waliliona jembe lile likilima. Siku hizi mnunuzi wako huenda yuko Dar es Salaam, au yumo ndani ya basi likipita mbele ya mlango wako, naye hajui jina lako wala hajui unauza nini. Chema hakiwezi kujiuza kwa mtu asiyekiona.

Basi leo twapenda kuzungumza nawe juu ya jambo hili: namna mwenye biashara ndogo anavyoweza kuonekana katika intaneti na watu wanaomtafuta. Usiogope neno hilo, wala usiseme, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa mjini." Twasema habari za mama mwenye gesti ya vyumba vinane, za baba mwenye mashine ya kukoboa mpunga, za kijana afungaye matairi kando ya barabara, na za mama lishe apikaye wali na maharage stendi. Hao ndio wanaopoteza zaidi wasipoonekana.

WATU WAPITAO CHIMALA

Tuchukue mfano wa Chimala, katika wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Mji huo mdogo umekaa chini ya milima, mahali pazuri sana kwa biashara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia yapita hapo, na malori hayakomi usiku na mchana. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo. Upande wa kaskazini ni bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Iko pia hospitali ya misheni, ambayo wagonjwa huijia kutoka mbali. Na kila mgonjwa huja na ndugu anayehitaji mahali pa kulala na chakula cha kumpelekea.

Upande wa kusini barabara yapanda mlima kwenda Matamba, ikizunguka kona baada ya kona, hata watu wameiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Ukifika juu, wakuta baridi, mashamba ya viazi, na nyanda za Kitulo. Mwaka 2005 Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa, yenye kilometa za mraba kama 413. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Wataalamu wametaja aina 350 hivi za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi, maua yale ambayo wageni huvuka bahari kuja kuyatazama. Huchanua kwa wingi wakati wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Dereva wa lori, mnunuzi wa mchele, ndugu wa mgonjwa, mgeni wa Kitulo: wote hao wapita Chimala. Wanatafuta kitanda, chakula, fundi, dawa ya dukani, gunia la mchele safi. Wauzaji wapo, nao wanunuzi wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni kujuana tu.

HASARA ISIYO NA KELELE

Tuseme mgeni mmoja anatoka Iringa kwa gari, na kesho asubuhi ataka kupanda Hamsini na Saba kwenda Kitulo. Saa kumi na mbili ya jioni, jua likishuka, anatoa simu yake na kuandika: "gesti Chimala". Simu ikimwonyesha nyumba mbili au tatu, pamoja na picha ya chumba kisafi na namba ya kupiga, atapiga, na mama mwenye gesti ataweka maji ya kuoga motoni. Simu isipomwonyesha kitu, au ikimwonyesha jina tu lisilo na namba, mgeni huyo hatashuka kuuliza mlango kwa mlango gizani. Atakanyaga mafuta mpaka Mbeya, kilometa kama 80 mbele.

Je, nani amepoteza? Fedha ya chumba imepita. Fedha ya chakula cha jioni, ya chai ya asubuhi, ya kijana ambaye angelinda gari, ya fundi ambaye angejaza upepo magurudumu, yote imepita katika gari lile lile. Na hakuna aliyeiba! Mama mwenye gesti hata hajui kwamba alikuwa na mgeni. Analala akisema, "Siku hizi biashara ni ngumu." Hasara ya namna hii haina kelele, wala haiandikwi katika daftari, ndiyo maana huendelea mwaka hata mwaka.

Tazama tena habari ya mchele. Mchele mwingi wa Usangu, ukifika sokoni Dar es Salaam, huitwa "mchele wa Mbeya" tu. Jina la Chimala limepotea njiani, na jina la mkulima limepotea zamani. Mkulima hulalamika juu ya dalali. Lakini tuseme kweli: dalali si lazima awe mtu mbaya. Bidhaa yake ni moja, nayo ni kujua. Yeye anamjua mwenye mpunga, na anamjua mwenye fedha, ambao hao wawili hawajuani. Kadiri wasivyojuana, ndivyo anavyoweza kupanga bei kwa kila mmoja. Siku mnunuzi atakapoweza kuiona mashine ya Chimala katika simu na kumpigia mwenyewe, dalali ataendelea kuwapo, lakini atadai ujira wa kazi yake, si ujira wa giza.

KITABU CHA MAJINA 50

Jambo hili la kumfanya mfanyabiashara aonekane si geni duniani. Mwezi Februari mwaka 1878, huko New Haven katika Marekani, ilichapwa karatasi moja yenye orodha ya watu na maduka wenye simu. Majina yalikuwa 50 tu, wala hayakuwa na namba. Mtu alimtajia jina mwenye kuunganisha simu, naye akamuunganisha. Toka karatasi hiyo vikazaliwa vitabu vinene vya simu, vilivyowekwa katika kila nyumba. Duka lisilokuwamo katika kitabu lilikuwa kama halipo.

Leo kitabu hicho kiko mfukoni mwa kila mwenye simu ya kisasa. Tena ni vitabu viwili vikubwa. Cha kwanza ni ramani ya Google, iliyoanza mwaka 2005. Humo mwenye biashara aweza kuandikisha mahali pake bila kulipa hata senti moja. Cha pili ni OpenStreetMap, iliyoanza Uingereza mwaka 2004. Hiyo ni ramani ya watu wote, huchorwa na watu wa kujitolea, na kila mtu ana ruhusa ya kuongeza kisima, shule, duka au njia ya miguu. Wasafiri wengi huipakua ramani hii katika simu zao wangali kwao, kisha huitumia porini hata pasipokuwa na mtandao. Mgeni wa Kitulo huenda akawa nayo mkononi. Je, gesti yako imo?

Hapa kwetu Tanzania kazi hiyo imefanyika kwa faida kubwa. Mwaka 2015 vijana wa vyuo na wenyeji wa mitaa ya Dar es Salaam walianza mradi wa Ramani Huria, wakichora mitaa iliyokuwa ikifurika maji, ili ijulikane mifereji iko wapi na nyumba zipi ziko hatarini. Mwaka huo huo ukaanza mradi wa Crowd2Map, ambao umechora vijiji vingi ambavyo havikuwa na alama yoyote katika ramani. Sababu yake ya kwanza ilikuwa nzito: huko mkoa wa Mara watu waliojitahidi kuwaokoa wasichana wasikeketwe walikuwa wakishindwa kukifikia kijiji usiku, kwa kuwa hakuna ramani iliyokionyesha. Twaona basi ya kwamba kuonekana si jambo la fedha peke yake. Mahali pasipojulikana ni vigumu hata kupasaidia.

SIMU INACHAGUAJE?

Huenda ukauliza: Nikiandikwa, nitaonekana mimi au jirani? Google wenyewe wameeleza kwamba wanatazama mambo matatu. La kwanza ni kufaa: mtu akiandika "fundi pikipiki", ataonyeshwa aliyejieleza kuwa fundi pikipiki. La pili ni umbali: aliye karibu na mtafutaji hupewa nafasi kabla ya aliye mbali. La tatu ni kujulikana: mahali palipoandikwa na wengi, penye maoni ya wateja, hutangulia mahali pasipo na neno.

Tena wanasema wazi kwamba nafasi hiyo hainunuliwi. Yako matangazo ya kulipia, lakini hayo hutiwa alama ya tangazo. Kwa hiyo akija mtu akasema, "Nipe shilingi laki moja nikuweke wa kwanza kwa Google," mwambie aende salama.

MAMBO SABA YA KUFANYA

Sasa tushike kazi yenyewe. Yafaa usome haya pamoja na kijana wako mwenye simu.

Kwanza, jina. Andika jina lile lile lililo katika kibao chako, usiongeze sifa. Kama kibao chasema "Upendo", usiandike "Upendo Bora Kuliko Zote Bei Nafuu". Sifa hizo zavunja kanuni, na ukurasa waweza kufungiwa. Kazi yako uieleze katika nafasi ya maelezo, kwa maneno ambayo wateja huyatumia: gesti, mashine ya kukoboa, duka la pembejeo, gereji. Taja Chimala, na taja jirani zako wakubwa: stendi, stesheni, hospitali, njia ya Matamba.

Pili, mahali. Weka alama ya ramani ukiwa umesimama mlangoni pako, si ukiwa nyumbani. Kisha mpe rafiki simu, mwambie aifuate alama hiyo. Akifika katikati ya barabara au kwenye shamba la mtu, sahihisha. Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, na nyumba nyingi zilipata namba na mitaa ikapata majina. Kama nyumba yako ina namba, itumie.

Tatu, simu. Weka namba moja, na uitunze. Wengi hubadili laini kama shati, kisha hushangaa kwamba wateja wa zamani hawapigi. Namba iliyokufa katika ramani ni mbaya kuliko kutokuwa na namba, maana humfanya mgeni afikiri umefunga.

Nne, saa za kazi. Andika saa za kweli. Ukifunga Jumapili, sema. Mtu aliyebeba magunia kumi ya mpunga juu ya pawatila akaikuta mashine imefungwa, hatarudi tena, na njiani atawaambia wengine.

Tano, picha. Piga picha mchana, kwa mwanga mzuri: moja ya mbele yenye kibao, moja ya ndani, moja ya bidhaa. Usichukue picha ya hoteli ya mjini ukasema ni yako. Wala usimpige picha mteja ukamweka hadharani bila idhini yake. Siku hizi iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sita, uthibitisho. Google watataka kuhakikisha kwamba biashara ni yako kweli. Wao ndio huchagua njia: yaweza kuwa simu, ujumbe, barua pepe, au video fupi ya kuonyesha mtaa, kibao na vifaa vyako. Fuata utaratibu kwa uvumilivu.

Saba, maoni. Mteja akiondoka ameridhika, mwombe aandike maneno mawili. Usinunue sifa, wala usiwaandikishe wajomba na shangazi wasiopata kulala kwako. Akija mtu akaandika lawama, usimtukane. Jibu hivi: "Pole kwa usumbufu. Bomba tumelitengeneza. Karibu tena." Wasomaji mia wataona jibu lako, nao watakupima kwa jibu hilo kuliko kwa lawama ile.

Zaidi ya hayo, wako wengi ambao wateja wao hutumia WhatsApp. Tangu mwaka 2018 iko WhatsApp ya biashara, ambayo ni ya bure. Humo waweza kuweka orodha ya bidhaa na bei, saa za kazi, na salamu inayojijibu yenyewe wakati uko shambani.

ASIYE NA SIMU YA KISASA

Mama mmoja aweza kusema: "Mimi nina simu ya tochi tu." Haidhuru. Kuandikisha hufanyika mara moja, na kijana wa nyumbani au wa jirani aweza kukusaidia kwa simu yake. Wateja watapiga simu yako ile ile ya tochi. Wenye gesti watano au wenye mashine wanne waweza kuungana, wakampa kijana mmoja fedha ya bando na ujira wa haki, akawaandikisha wote kwa siku mbili.

Lakini sikia onyo hili. Akaunti iwe ya mwenye biashara, wala si ya kijana. Barua pepe na neno la siri viandikwe katika daftari la nyumbani na kuwekwa pamoja na hati za shamba. Kijana aweza kwenda mjini kutafuta kazi, au mkakosana, naye akaondoka na ufunguo wa mlango wako wa intaneti. Hapo utabaki na ukurasa wenye namba ya zamani usioweza kuusahihisha.

WEZI NAO WANATAFUTA

Ukionekana na wateja, utaonekana na wezi pia. Twazijua sote zile jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii". Mwenye biashara atapata za namna nyingine: mtu atapiga akisema yeye ni wa Google, kwamba ukurasa wako utafutwa usipolipa, au atajidai amelipia chumba kwa makosa, umrudishie chenji. Kagua salio lako mwenyewe kabla ya kurudisha hata shilingi. Usimpe mtu yeyote namba ya siri, wala zile tarakimu za uthibitisho ziingiazo katika simu.

Namba ya tapeli uitume kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeiweka kwa kazi hiyo. Tena piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, nenda upesi kwa mtandao unaohusika.

MIZANI HAIDANGANYI

Mwisho, tusidanganyane. Intaneti haibebi gunia, wala haifagii chumba. Kampuni kubwa ya Jumia, iliyouza bidhaa kwa mtandao katika nchi nyingi za Afrika, ilifunga kazi yake Tanzania mwezi Novemba 2019, ingawa ilikuwa na fedha na wataalamu. Kuonekana ni mlango tu. Atakayeingia atahukumu kwa macho na mizani.

Ukionyesha picha ya supa safi kisha ukauza mchele uliochanganywa, habari zako zitaenea kwa upesi ule ule ulioutaka. Mkulima akijaza lumbesa, au mnunuzi akiidai, ramani haitawafanya kuwa wakweli. Bali aliye mwaminifu, ambaye zamani sifa yake iliishia kwenye mto Chimala, sasa aweza kujulikana Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumamosi hii jioni, kazi zikiisha, kaa na wanao. Mwambie mmoja aandike katika simu jina la kijiji chako na kazi unayoifanya, kama mgeni atafutaye. Tazameni pamoja mtaona nini. Mkimwona jirani yenu amefungiwa kwa makosa kwamba "amefunga daima" ilhali yupo, mwambieni. Msipojiona ninyi wenyewe, anzeni na lile jambo la kwanza: jina lililo katika kibao.

Wazee hawakukosea. Chema chajiuza. Lakini sharti kwanza kitolewe ndani, kiwekwe barazani, watu wapitao wakione.